Mashua na Eda ya Mama

Mashua ilikuwa ya mamangu, si ya babangu. Natanguliza hilo kwa sababu wavuvi wa Mtongwe walikuwa wakipita wakisema, "Naona mashua ya yule bwana wa Shanzu inafufuka," na mama, hata akiwa ameshika misumari kwa meno, alikuwa akiitoa kwanza ili awajibu, "Ni yangu. Nimerithi." Babake alipokufa, mjomba alibaki na nyumba ya Magongo, na mama akaitaka mashua. Watu walimcheka. Mwanamke afanye nini na mashua? Ikalazwa juu ya ufuo nyuma ya mikoko, ikafunikwa makuti, na tangu nikiwa shule ya msingi mpaka nimeingia sekondari hakuna aliyeigusa ila paka na kaa.

Kilichoifanya iguswe ni talaka.

Mimi si msemaji. Mwalimu akinisimamisha darasani viganja hunitoka jasho, na nyumbani nikiitwa naitika "abee" kwa sauti ambayo mama husema ni ya mtu aliye ndani ya mtungi. Kwa hivyo mengi nayaandika. Haya hasa nayaandika kwa sababu hakuna niliyeweza kumwambia, hata rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja, ambaye mamake humsimulia kila kitu naye hunisimulia mimi.

Babangu ana neno lake: "Si hivyo." Chai ikizidi tangawizi, si hivyo. Shuka ikikunjwa vibaya, si hivyo. Hasemi kwa ukali. Anasema kama mtu anayemtoa mwenzake unyasi kwenye shati, na huenda kwake yeye huo ulikuwa wema. Miaka yote alikuwa nahodha wa mashua za kupeleka wageni wa hoteli kwenye miamba, na kule kamba ikifungwa ovyo mtu anaweza kufa, basi alizoea kusahihisha. Lakini mama si kamba. Jumapili moja mchana baba alikuwa na wageni wawili barazani, mama yuko uani anakaanga samaki. Baba akachungulia, akasema nao wanasikia, "Si hivyo. Mafuta hayajashika moto."

Mama alisimama akamkabidhi mwiko. "Basi kaanga wewe. Tangu unioe nawalisha watu samaki wabichi, leo tumuone fundi."

Wageni wakacheka. Nimefikiri sana juu ya kicheko kile. Kama wangenyamaza, labda tungekula tukamaliza. Baba alibaki na mwiko mkononi, uso umemwiva, akamwita mama kwa jina lake na la babake, akampa talaka moja. Samaki wakaungua kweli.

Talaka moja kwetu si mwisho wa mambo. Mke hukaa eda ndani ya nyumba ya mumewe, na kabla eda haijaisha mume anaweza kumrejea kwa neno moja tu, bila posa, bila mahari, bila kumuuliza mtu. Ikiisha, wamekuwa watu kando. Na eda ya mwanamke ambaye bado anaona damu haihesabiwi kwa kalenda ya ukutani. Huhesabiwa kwa mwili wake. Akiingia katika hedhi ya tatu tangu siku ya talaka, imekwisha, na hakuna awezaye kujua isipokuwa yeye. Yeye na mimi. Mimi nilijua kwa sababu baba alihamia sebuleni na mama akahamia chumbani kwangu, na mwanamke akiwa katika siku zake hasali. Alfajiri nikiamka nikaukuta mswala wake umekunjwa juu ya kabati, najua.

Ya kwanza ilikuja baba angali amenuna. Alikuwa haendi Shanzu tena, hoteli ilikuwa imewapumzisha mabaharia mpaka wageni warudi, kwa hivyo alishinda nyumbani akitengeneza vitu ambavyo havikuharibika. Siku moja, tukinywa chai, mama akamwambia akiwa amekitazama kikombe chake.

"Nikitoka hapa sitoki mikono mitupu. Nataka mashua yangu ielee. Nitawakodishia wavuvi, nipate kula. Nipe ruhusa niwe nikishuka ufuoni."

"Hutaiweza peke yako."

"Sikukuuliza kama nitaiweza. Nimeomba ruhusa."

Baba alizungusha kikombe. "Tutashuka wote," akasema.

Hapo ndipo hofu iliponiingia. Mashua ikimalizika, mama amepata pa kushika, ataondoka. Isipomalizika, eda itaisha vilevile na ataondoka bila kitu. Nilichokitaka mimi ni kitu cha tatu ambacho hakuna aliyekitaja: wapige misumari pamoja, bega kwa bega, mpaka baba aone haya aseme lile neno moja.

Shangazi yangu, dadake baba, anakaa nyumba ya pili kutoka kwetu, na yeye hana haya yoyote. Alikuwa akimwita mama dirishani. "Wifi, jifukize udi basi. Huyu ndugu yangu pua yake ina akili kuliko kichwa."

"Nijifukize nikapakae sifa?" mama akimjibu. Sifa ni mafuta ya ini la papa, ndiyo hupakwa mbao zisile maji, na harufu yake huoshi ikatoka. Inakaa kwenye kucha mpaka kucha ikue. Mimi shuleni walikuwa wakisogeza viti.

Tulianza kwa kuondoa makuti. Mbao za ubavuni zilikuwa nzima, zimekauka tu, zimepauka kama mifupa. Ndani mataruma mawili, zile mbavu zinazoshika mbao, yalikuwa yameoza hata kidole kilizama. Baba alitafuta mti wenye pindo lake la kuzaliwa, akauchonga kwa tezo. Mama akishika upande wa pili ili mti usicheze. Mwanzo walikuwa hawana maneno ila ya vyombo. "Nyundo." "Hiyo." "Shika." "Nimeshika." Mimi kazi yangu ilikuwa chai na moto wa mafuta, nikitoka shule nakwenda moja kwa moja na sare yangu, na Jumamosi kutwa.

Wavuvi nao hawakutuacha. Mmoja, mzee mwenye kofia iliyotoboka, alipita akasimama. "Bwana, huyu mke umemwacha au umemwajiri?"

Baba aliinama kwenye ubao kama hakusikia. Mama akajibu, "Kaniacha. Kilichobaki ni kazi."

"Basi na mimi niacheni niwache wangu, nyumba yangu yavuja."

Nilimwona baba anacheka kichinichini, mabega yanatikisika. Mama alimrushia kipande cha mbao kikampiga mgongoni. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa tangu Jumapili ile, ingawa kwa ubao. Nilikoroga mafuta yangu machozi yananitoka, na wakidhani ni moshi sikuwakatalia.

Hedhi ya pili ilikuja katika siku hizohizo. Niliuona mswala juu ya kabati, nikaketi kitandani hali nimekwisha kutia udhu, nikashindwa kuinuka. Kwa sababu sasa ilibaki moja.

Ukafika wakati wa kukalafati. Ndiyo kazi ya kujaza pamba iliyorowekwa mafuta katika nyufa baina ya ubao na ubao, ili maji yasipate njia. Unaisukuma kwa patasi butu, unagonga kwa nyundo ya mti. Mashua ilikuwa imekaa kavu miaka, nyufa zimepanuka, ukisimama ndani unaona mwanga wa nje. Mama akasema hiyo kazi ni yake, na kwa kweli nani angebisha? Yeye hushona magodoro na mito ya sufi. Nusu ya maharusi wa Likoni wamelalia mito ya mamangu. Sifa ya mto wake ni kwamba haubonyei. Anaujaza, anaukalia, anaufungua anaujaza tena. "Mto mlegevu," husema, "afadhali mtu alalie mkono wake."

Basi akaichukua pamba akaishindilia kama mto wa harusi. Akijaza, anagonga, anaongeza, anagonga mpaka patasi inaruka. Baba alikuwa amesimama nyuma yake anatazama ubao wa kwanza. Niliona mdomo wake unafunguka. Nililiona lile neno linakuja, namna shingo yake inavyojivuta mbele kabla hajalisema. Mama naye alilihisi. Nyundo yake ilisimama hewani, hakugeuka, akawa anangoja.

Baba akaufunga mdomo. Kisha akasema, "Mikono yako mizuri."

Akashika ndoo akaenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji.

Mama alibaki ameishika nyundo. Halafu akageuka kunitazama mimi, sura yake siwezi kuieleza, kama msichana wa darasa langu aliyeambiwa amefaulu. Na kutoka hapo aligonga kwa nguvu zaidi. Siku zote za kukalafati baba hakumsahihisha hata mara moja. Alimsifu. Mama akawa anaimba akifanya kazi, na jioni tukirudi walikuwa wakitembea sambamba, mimi nyuma na birika. Shangazi alituona tukipita akanikonyeza. Nikaamini imekwisha kuwa. Limebaki neno tu kutoka.

Lakini neno halikutoka. Nikawa nasubiri kila chai. Baba alizungumza juu ya tanga, juu ya kamba, juu ya mlingoti. Alipanga Ijumaa ya kushua mashua, kuiingiza majini, akampigia mjomba simu aje na vijana wa Magongo kuvuta, akamwambia mama apike wali wa nazi wa kutosha watu. Mimi nikihesabu kichwani, na mama siku zake hazina mpangilio kamili, huenda zikaja baada ya Ijumaa hiyo, huenda kabla. Nikaona nisiposema hakuna atakayesema. Mama hawezi kumwambia, ingekuwa kama anaomba.

Sijui kama mwenzangu wa umri wangu amewahi kumwambia babake jambo hili. Mama alikuwa amekwenda kununua chokaa. Baba alikuwa anasugua mlingoti. Nilikaa karibu yake muda mpaka miguu ikafa ganzi.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Mama huenda… wiki hii, siku yoyote. Hatasali."

Mkono wake ulisimama juu ya mlingoti. Sikumtazama, nilitazama nyayo zangu, nikisikia masikio yanawaka.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

Aliugeuza mlingoti upande wa pili. Kisha akaanza kusugua tena. "Haya, mama," akaniambia, huniita hivyo akiwa na upole. "Nimesikia. Ijumaa mashua inashuka. Ijumaa."

Nikatamani kumwambia Ijumaa mbali. Lakini nilikuwa nimekwisha kutumia ujasiri wangu wote.

Mashua iliyokaa kavu haitwekwi tanga ikaondoka. Kwanza hunyweshwa. Huvutwa mpaka penye maji machache, ikatiwa mawe ndani, ikaachwa ijae maji ya bahari yakija, ili mbao zinywe, zivimbe, zishikane. Wavuvi walitusaidia kuivuta Jumatatu. Mama alitia jiwe la mwisho mwenyewe. Jumatano nilitoka shule nikawakuta wote wawili wamesimama kando yake, maji yametoka, matope mpaka vifundoni. Mama alikuwa akisema kwa furaha kwamba hapana ufa hata mmoja uliobaki. Na kweli mbao zilikuwa zimekutana, laini, nyeusi, nzuri.

Kisha ukatoka mlio. Kama mtu amevunja muwa mkavu gotini. Ukatoka wa pili. Niliona msumari unainuka, kichwa chake kinatoka polepole kwenye ubao kama kinasukumwa na kidole kutoka ndani. Mama alikimbilia pale akaubana kwa kiganja, eti aurudishe. Taruma jipya, lile alilochonga baba naye mama akashika, lilipasuka kwa urefu wote. Ubao uliokuwa juu yake ukavimba nje kama shavu la mwenye jino.

"Nini hii?" mama akauliza. "Nini?"

Baba hakusogea. "Zimekunywa," akasema. "Zimevimba, na hazina pa kwenda. Pamba imejaa."

"Imejaa ndiyo. Si ndiyo kazi yake kujaa?"

"Mbao kavu hujazwa kidogo. Unaiachia nafasi. Inavimba, inaikaza pamba yenyewe."

Mama aliutoa mkono wake kwenye msumari. Kiganja kilikuwa na alama nyekundu ya duara. Akamtazama baba kwa muda mrefu sana.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ubao wa kwanza."

"Na ukanisifu."

"Nilijiapia sitakwambia tena si hivyo," baba akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilidhani labda itabeba. Nilimwomba Mungu ibebe."

Mama alicheka kicheko ambacho sikupata kukisikia kwake, akaketi palepale kwenye matope na leso yake safi. "Miaka yote hukuninyamazia kwa chumvi," akasema. "Ukaja kuninyamazia kwa mashua."

Mlio mwingine ukatoka ndani ya mbao. Hakuna aliyeshtuka safari hii. Nilisimama na begi langu la shule nikingoja mmoja wao amshike mwenzake, amkemee, afanye chochote. Nilifikiri, hapa sasa, aseme sasa, mama yuko chini kwenye matope, hapana saa bora. Baba akavua viatu, akaingia ndani ya mashua, akaanza kutoa mawe, moja moja, akiyaweka nje polepole kama mayai.

Jioni alimpigia mjomba akamwambia Ijumaa haiwezekani. Alhamisi alishuka ufuoni peke yake alfajiri na kurudi magharibi. Mama hakwenda. Alikaa chumbani na mto wa mtu ambao ulikuwa umekamilika, akaufumua, akatoa sufi nusu, akaushona. Alipoubonyeza ukabonyea, akautazama, akaufumua tena akairudisha sufi yote.

Ijumaa niliamka kwa adhana. Mama alikuwa amelala chali, macho wazi. Mswala uko juu ya kabati. Nilimwita, "Mama," na nilitaka kuendelea lakini yeye akageuza uso ukutani. "Sali wewe," akasema.

Nilisali sijui nini. Nilipotoa salamu nilikimbilia sebuleni, na godoro la baba lilikuwa limeviringishwa, ameshakwenda msikitini. Nikafungua mlango nikatazama njia. Ningemwambia nini hata kama ningemkuta? Jambo lilikuwa limekwisha kuwa. Lakini nilisimama pale mlangoni mpaka mama akaniita nikaweke maji ya chai.

Baba alirudi na mahamri ya moto ndani ya gazeti na mbaazi kwenye bakuli la shangazi. Uso wake ulikuwa umekunjuka. Nilijua anachokuja kufanya, nikajua tangu anavua viatu, kwa sababu alivipanga vizuri mlangoni kama mgeni. Mama alikuwa ameketi kwenye jamvi, nywele zake wazi, amezisuka mwenyewe mikia miwili. Tulikuwa sisi watatu tu.

Aliketi. Akaweka mahamri katikati. "Nilitaka niseme mbele ya nduguyo," akaanza, "mashua ikiwa inaelea, na watu wakiwapo. Nilikuacha mbele za watu, nikaona nikurejee mbele za watu. Kwa hivyo nikangoja. Lakini mashua ndiyo hivyo tena, na mimi siwezi kuingojea. Nimekurejea."

Mama alikuwa na hamri mkononi. Aliliweka chini.

"Lini?"

"Sasa. Nimekurejea sasa."

"Umechelewa," mama akasema taratibu. "Nimeona tangu alfajiri."

Sikusikia ugomvi, hakuna aliyeinua sauti. Baba alimtazama, kisha akanitazama mimi. Naapa sijapata kutazamwa hivyo na mtu. Alikuwa ananiuliza. Neno la mama katika jambo hili linatosha, sheria inamwachia yeye, lakini baba alikuwa ananiuliza mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia juzijuzi, na kwa sababu alitaka sana niseme hapana. Na mama naye akanitazama. Hakunikonyeza, hakunitisha. Aliniachia.

Nilitikisa kichwa kuonyesha ndiyo.

Basi mama akaushika upindo wa leso iliyokuwa mabegani mwake, akaupandisha juu ya kichwa, akazifunika nywele zake, mkia mmoja, kisha wa pili, akauingiza nyuma ya sikio. Namna anavyofanya mwanamume wa nje akipiga hodi. Baba aliona. Akainamisha macho yake chini, kwa adabu, kama mwanamume wa nje.

Mahamri yalipoa hapo katikati. Mimi ndiye niliyeyakunja tena kwenye gazeti.

Mjomba alikuja baada ya sala ya Ijumaa kumchukua dadake. Mama alichukua nguo, cherehani, na gunia la sufi. Shangazi alilia kuliko sisi sote, alimshika mama mlangoni akisema, "Wifi, basi hata ungedanganya. Siku moja tu. Nani angejua?" Mama akamwambia, "Mimi." Baadaye nilisikia watu wakisema kinyume, kwamba ndiyo alidanganya, kwamba alikuwa amekwisha kuchoka akatafuta njia. Hawakuuona mswala. Mimi niliuona, na siku nyingine natamani nisingeuona.

Wanasema hakuna lililoharibika. Anaweza kumposa tena, akamuoa kwa ndoa mpya, talaka mbili zimebaki. Baba alimtuma shangazi Magongo na posa. Shangazi alirudi amefura. "Nimemwambia, wifi, yakhe, hata sijui nikuite nani sasa. Kaniambia, 'Mara ya kwanza niliolewa sijui kitu, sasa najua, niacheni nifikiri.' Afikiri nini? Mwanamume ni yuleyule."

Nadhani hilo ndilo analolifikiri.

Mimi nakaa na baba kwa sababu ya shule, Jumamosi navuka kwenda Magongo. Nyumba ya Mtongwe imekuwa na sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sauti ya friji. Baba hupika. Nikitia chumvi nyingi anakula. Nilimtilia nyingi makusudi siku moja, nyingi ya kutapisha, akamaliza sahani akashukuru. Nilikwenda chooni nikalia.

Jumamosi iliyopita mama alikuja ufuoni na mjomba kuitazama mashua yake. Baba alikuwa anaitoa pamba kwa ndoano ya chuma, ubavu mmoja umekwisha. Walisalimiana kwa mbali. Mjomba akaketi kwenye jiwe na simu yake. Mama alizunguka upande wa pili, akachukua ndoano nyingine akaanza kuvuta, na mimi nikawekwa katikati, maana hawawezi kusemezana hivihivi kama zamani, au hawataki, sijui.

"Mwambie mamako asianzie pale," baba akasema.

Mama yuko hatua chache, anasikia kila neno. "Mama, usianzie hapo."

"Muulize nianzie wapi."

"Baba, aanzie wapi?"

"Chini, kwenye mkuku."

Mama alishuka chini, kwenye ule uti wa mgongo wa mashua, bila kungoja nimwambie. Tukaendelea hivyo. Mjomba alicheka, akasema serikali ingeniajiri. Kisha baba akaacha kuvuta. Alipangusa mikono kwenye shuka lake muda mrefu.

"Mwambie mamako," akasema, "nauliza kama amefikiri."

Nilishindwa kulipitisha lile mdomoni mwangu. Nilisimama baina yao na viganja vinatoka jasho kama darasani, na mama akawa ananitazama miguu, akingoja. Mwisho nikasema, "Mmesikiana," nikasogea kando.

Hakuna aliyenigombeza. Mama aliendelea kuvuta pamba, ikatoka ndefu, nyeusi, inanuka. Ilikwama. Akaivuta kwa nguvu, ikakatika, kipande kikabaki ndani ya ufa. Akakaa na kile kipande mkononi.

"Sijui," akasema, na safari hii alimwambia yeye mwenyewe. "Nikisema ndiyo leo, nitakuwa nimesema kwa sababu ya mtoto na mashua. Sijui."

"Sawa," baba akasema.

Wakarudi kwenye kazi. Kabla ya alasiri mama na mjomba waliondoka, na mashua ikabaki imefunguliwa pande zote mbili, unaona bahari kupitia kwake. Zamani nilikuwa na kitu cha kukiogopa ambacho kina siku yake. Nikiamka natazama juu ya kabati, najua tuko wapi. Sasa hakuna kinachokwisha. Naamka alfajiri, natandika mswala wangu, natazama kabati tupu, sijui nichunge nini.